Sahani Haina Kope: Historia ya Bi Lebo

Wafiwa, majirani, wafanyakazi wa maabara ya macho, na ninyi nyote mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, kabla hatujamsindikiza dada yetu mahali pake pa mwisho familia imeona msikie habari zake kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe, kama ambavyo mwenyewe angetaka, na mtasikia kwamba anayewasomea, ambaye ni mdogo wake wa kiume wa kumfuata, ametajwa humu kwa jina la Fundi, kwa sababu anashona nguo, na kwa sababu marehemu alikuwa na msemo wake kwamba taarifa yenye "mimi" nyingi ina jambo inaloficha. Karatasi zikionekana nyingi msiogope, herufi zimechapwa kubwa ili msomaji azione.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mlinzi wa ghala la kiwanda hicho na mama aliyefua mashuka ya hospitali, na ingawa cheti chake kilisema tarehe 15, alipofikisha miaka kumi na tisa alikwenda mwenyewe zahanati, akaomba daftari la wazazi la mwaka ule, akasimama nalo dirishani mpaka akaipata siku na saa, kisha akarudi nyumbani na kumtangazia mama kwamba alikuwa amepunjwa siku moja na sasa ameidai.

Wanaomjua wanaweza kudhani alizaliwa na tabia hiyo, lakini Fundi anajua ilikotoka, kwa maana mwaka 1966 baba yao alianza kugonga mabega kwenye mihimili ya milango, kumwaga chai iliyowekwa pembeni yake, na kuwapita watu njiani bila salamu, na mtaa ukaamua kwamba mzee anakunywa, na Waswahili walishasema lisemwalo lipo, kama halipo laja, basi msimamizi wa ghala akawa anamnusa mdomo kila asubuhi getini mbele ya vijana wake, na tarehe 30 Juni 1968 akamwachisha kazi bila hata kukuta harufu. Marehemu, akiwa na miaka kumi na moja, alikuwa amemfuata baba kwa nyuma wiki nzima, hatua ishirini, akihesabu alichogonga na alichokwepa, akaona kwamba baba hagongi kitu kilicho mbele yake, anagonga vya kando tu, akamweleza mama, akawaeleza na wajomba, wakamwambia aache kuwachunguza wakubwa. Miaka miwili baadaye daktari wa macho aliyepita na gari la tiba alisema ni presha ya macho, na wakati huo baba alikuwa anauona ulimwengu kama mtu anayechungulia katika tundu la kifungo, na tangu siku hiyo marehemu hakuamini neno la mtu yeyote ambalo halijapimwa, liwe la jirani, la mkubwa wa kazi au la cheti.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1964 hadi 1970, sekondari mwaka 1971 hadi 1974, kisha chuo cha mafundi sanifu wa maabara, ambako alihitimu tarehe 25 Novemba 1978, na mwalimu wake mmoja aliandika katika ripoti kwamba mwanafunzi huyu ni hodari lakini anawahesabu upya hata walimu.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983 na mwalimu wa hesabu, ambaye leo ndiye mgane tunayemfariji, na shemeji atuwie radhi tukikumbusha kwamba posa yake ilikaa miezi mitatu bila jibu, kwa sababu bibi harusi mtarajiwa alikuwa amekwenda shule aliyosema anafundisha, akaketi nje ya darasa na kumsikiliza akifundisha hesabu za sehemu, na aliporidhika kwamba mwalimu ni mwalimu kweli na sehemu zake ziko sawa, akakubali. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1985, ambaye ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1988, ambaye ni fundi umeme, na wote wawili wanakumbuka kwamba kopo la sukari nyumbani kwao lilikuwa na tarehe ya kufunguliwa, na kwamba maziwa hayakunywewa mpaka mama ayanuse kwanza.

Alianza kazi Januari 1979 katika maabara ya hospitali, na tarehe 2 Septemba 1991 alihamia maabara ya utafiti wa macho, ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho, chenye mlango usiofunga mpaka uunyanyue, na hapo ndipo alipopewa jina la Bi Lebo, kwa sababu hapakuwa na chupa, sahani wala kalamu iliyokaa mezani pake bila karatasi ya jina, tarehe na saa. Kazi yake aliwaeleza wengi wenu, maana alipenda kuieleza, kwamba ndani ya jicho kuna majimaji yanayotengenezwa kila siku na kutoka kila siku, na yanatokea pembeni, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe, katika kichujio chembamba kuliko uzi, na kichujio hicho kinaishi, kina seli zake zinazokisafisha na kukitunza, zikichoka au zikifa kinaziba, maji yanajaa, na jicho linausonga mshipa wake wenyewe wa kuonea mpaka unanyauka. Marehemu alipokea macho ya watu waliofariki ambao ndugu zao wamekubali kuyatoa, akakikata kichujio kile kwa mkono usiotetemeka, akakilaza katika sahani ndogo ya plastiki na kuiweka kwenye kabati la joto, na baada ya wiki mbili au tatu seli zilitambaa kutoka nje, naye aliziita wageni, akawa anawaamkia kila asubuhi, kisha anawatilia dawa za presha ya macho, moja baada ya nyingine, kuona zinawafanya nini.

Hapa historia inafika mahali ambapo familia ilimwomba Fundi aruke, naye amekataa kuruka, kwa kuwa dada mwenyewe asingeruka.

Mwaka 2003 Fundi aligundulika kuwa na ugonjwa ule ule wa baba, akapewa dawa ya matone, tone moja kila jioni, na mnamo Mei 2005 marehemu aliichukua dawa ya aina hiyo hiyo, akaitia katika sahani jinsi ilivyotoka kwenye chupa, akaiacha humo siku nzima, na aliporudi kwenye hadubini aliwakuta wageni wake wamejikunyata, wamebanduka na kuelea kama makombo ya mkate kwenye chai. Alishtuka, na mtu aliyewahi kumwona baba akinuswa mdomo getini akishtuka hashtuki kidogo, akaja dukani kwa Fundi mchana ule ule, akaisukuma chupa kando ya cherehani, akamwambia, "Hii kitu usiitie tena mpaka nikuambie, inaua kile kile inachotakiwa kukiokoa," na Fundi, ambaye katika maisha yake hajawahi kumshinda dada yake kwa hoja, aliacha.

Aliacha kwa miezi kumi na minane, dada akiwa anarudia vipimo vyake na kumwambia avumilie kidogo, na presha ya macho haiumi wala haipigi hodi, mpaka tarehe 20 Novemba 2006 Fundi alipomvalisha mteja koti la harusi ya mwanawe na kukuta mkono wa kushoto umekatwa mfupi kwa inchi mbili, kosa ambalo hakulifanya hata alipokuwa mwanafunzi wa kushona, akaziba jicho la kulia kwa kiganja, na duka lote likapotea. Daktari wa macho alipomaliza kumpima alimgeukia marehemu, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na mkoba mapajani, akamwambia kwa upole, na upole ule uliuma kuliko kufokewa, "Dada, sahani haina kope. Haipepesi, haina machozi ya kuosha dawa, wala hakuna anayeizamisha kwenye dawa siku nzima isipokuwa wewe." Fundi alilia, si kwa jicho tu, alilia kwa sababu hasira yake yote ilikuwa imepata mwenyewe na mwenyewe alikuwa dada yake.

Kuanzia hapo, wapendwa, Fundi hakumwamini tena, na leo si siku ya kudanganya, aliwaza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, akawaza kwamba yeye alikuwa sahani nyingine ya dada, yenye lebo na namba, na miaka ya baadaye akawaza kwamba katika daftari jekundu ambalo marehemu alilifungia kwenye droo ya meza yake nyumbani na kutembea na ufunguo shingoni, kuna ukurasa unaosema mdogo wangu, jicho la kushoto, limekufa tarehe fulani. Daktari alimbadilishia dawa, na marehemu, ambaye kutoka siku ile hakutoa ushauri tena wa dawa kwa mtu yeyote, akaanza kuja dukani kila siku saa kumi na mbili jioni kumtilia tone kwa mkono wake, kwa miaka kumi na saba na ushei, mvua inyeshe jua liwake, na kila siku Fundi alichukua chupa kwanza, akaisogeza karibu na jicho lililobaki, akasoma jina, akasoma tarehe, akakagua kifuniko, ndipo akainua kidevu. Marehemu hakuwahi kununa. Alimgeuzia lebo upande wa taa.

Kazini alirudia upya vipimo vyote, safari hii kwa dawa iliyozimuliwa na kwa dakika chache, na katika sahani zake wageni waliishika sahani, hawakubanduka, kisha akagundua kwamba kilichowaangusha mwanzoni hakikuwa dawa yenyewe kiasi kile, kilikuwa zaidi ni kihifadhi, yaani kile kinachotiwa ndani ya chupa ili vijidudu visiote, na kwamba dawa ile ile isiyo na kihifadhi iliwaacha wakiwa hai. Wenzake walifurahi, yeye hakufurahi, akawaambia kwamba bado ni sahani, na sahani ilishamdanganya mara moja.

Mwaka 2009 marehemu naye alikutwa na ugonjwa huo katika macho yote mawili, na miaka mitatu baadaye, Juni 2012, Fundi alipokwenda kwake kupima mapazia akafungua friji atafute maji, akakuta kikombe chenye chupa mbili za matone, moja imefungwa uzi mwekundu na nyingine uzi mweupe, nyuzi za dukani kwake mwenyewe, na roho ikamruka, kwa sababu mtu mmoja ana haja gani ya chupa mbili, na ile anayoletewa yeye jioni inatoka katika ipi? Alimuuliza dada, dada akasema hayo ni mambo ya kazini, jibu lililomwongezea mtu mashaka badala ya kumpunguzia, na siku ya Jumanne tarehe 19 mwezi ule alirudi na mapazia, akatia chupa ya uzi mweupe mfukoni pamoja na futi yake ya kupimia, akaipeleka kwa mwenye duka la dawa, ambaye aliigeuza mara mbili akasema dawa ni halali, haijaisha muda, na kwa nini mzee ana wasiwasi hivyo. Kesho yake Fundi aliirudisha kimyakimya kwenye kikombe, na dada, ambaye angejua kama kijiko kimoja cha sukari kimepungua, hakusema kitu, naye Fundi akalihesabu hilo pia kuwa ushahidi.

Marehemu alistaafu tarehe 31 Machi 2017, akakabidhi funguo zote isipokuwa ule wa shingoni. Mnamo Oktoba 2023 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi, na tarehe 6 Novemba alilazwa, madaktari wakaeleza kwamba moyo wake umechoka kusukuma damu, naye akaomba aoneshwe picha za moyo, akazitazama kwa muda mrefu, akasema safari hii anakubali. Alirudi nyumbani, akaendelea kuja dukani na mkongojo hadi mwishoni mwa Februari, akalazwa tena, Fundi akawa anampelekea chupa wodini jioni, na siku ya Jumanne tarehe 12 Machi 2024, saa nane na robo mchana, alifariki dunia mikononi mwa binti yake, siku mbili kabla ya kutimiza miaka sitini na saba, kwa tarehe aliyoithibitisha mwenyewe.

Saa tisa, machozi hata hayajakauka, watu wawili kutoka maabara walisimama mlangoni pa wodi na sanduku la bluu lenye barafu, wakiwa na karatasi ya marehemu ya kutoa macho yake, na karatasi hiyo ilitaka sahihi ya ndugu, na jina lililoandikwa halikuwa la mume wala la mtoto, lilikuwa la Fundi. Waliokuwapo watakuwa wanakumbuka alichosema, kwa sababu alikisema kwa sauti ambayo haifai kwenye korido ya hospitali, "Mimi alishanipotezea jicho moja, leo anataka nitie sahihi atolewe yake mawili? Ili athibitishe nini?" Shemeji alimshika bega, lakini ni binti aliyefanya la maana, alivua ufunguo shingoni mwa mama yake, akatoka nao, na baada ya nusu saa akarudi na daftari jekundu, akamwambia, "Mjomba, soma kwanza."

Fundi aliketi kwenye benchi akalifungua akijitafuta yeye, ukurasa baada ya ukurasa, na hakujiona. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe 4 Februari 2010 na mistari miwili, "Daktari alisema sahani haina kope. Mimi ninazo," na chini yake marehemu alieleza kwamba dawa yake ipo sokoni kwa namna mbili, yenye kihifadhi na isiyo nacho, zote halali na zote zimeandikwa na daktari wake kwa kujua, basi jicho la kulia litapata ya uzi mwekundu, yenye kihifadhi, na la kushoto litapata ya uzi mweupe, isiyo nacho, mpaka atakapokufa, kisha vichujio vyake viwili vilazwe kwenye sahani mbili na wageni waulizwe. Kurasa zilizobaki zilikuwa safu mbili, kulia na kushoto, tarehe na tiki, kwa miaka kumi na minne, bila siku hata moja iliyoachwa wazi, isipokuwa moja. Tarehe 19 Juni 2012, safu ya kushoto haikuwa na tiki, ilikuwa na maneno, "Chupa haipo, mdogo wangu ameichukua. Ana haki."

Saa kumi na nusu alitia sahihi, lakini mwenye tabia haachi, akasema hayatoki macho hapo mpaka yeye asome lebo. Alisimama mlangoni pa chumba, hakutaka kuona mengine, na alipoona vichupa viwili vimeshapangwa huku na huku ya kichwa cha dada yake, karatasi zimeshabandikwa, kitu kilimkereketa, kwa maana mtaalamu wa maabara, mama mwenye uzoefu na mwenye nia njema kabisa, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda alipovipanga, na mtu anayeshona makoti miaka arobaini anajua kosa hilo, ni la wiki ya kwanza, mteja anapokutazama usoni mkono wake wa kushoto uko upande wako wa kulia. Fundi akasema, "Mama, samahani, hiyo ni kulia kwako, si kulia kwake." Yule mama alitazama vichupa, akatazama kitanda, akakaa chini. Vichupa vilibadilishwa kabla chochote hakijaguswa, na Fundi akasoma lebo zote mbili, mara mbili, kwa jicho lake moja.

Nyumbani ndipo alipofika kwenye ukurasa wa mwisho, ulioandikwa kwa mkono uliokwisha kulegea, na familia imeruhusu usomwe, "Sahihi itiwe na mdogo wangu. Wengine wote wananiamini. Yeye haniamini, kwa hiyo atasoma lebo."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, daktari wa macho aliyetunza siri halali ya mgonjwa wake kwa miaka yote hiyo, majirani waliotuletea viti na maji bila kuombwa, na wenzake wa maabara, hususan yule mama wa vichupa, ambaye amekuja leo na ameketi mstari wa pili, na tunamwambia mbele ya watu kwamba hakuna anayemlaumu, kosa lililokamatwa si kosa. Majibu bado, seli zinahitaji wiki mbili au tatu za kutambaa, na pengine sahani mbili zitatofautiana na pengine hazitatofautiana hata kidogo, marehemu aliacha nafasi ya majibu yote mawili. Fundi ameomba aitwe kuchungulia hadubini siku hiyo, na wamekubali.

Dada, taarifa yako imekwisha, sasa niruhusu "mimi" kidogo. Jana saa kumi na mbili jioni nilifunga duka, nikachukua chupa, nikasoma jina, nikasoma tarehe, nikakagua kifuniko, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna tena mtu wa kumshuku, tone likaanguka shavuni mara tatu kabla halijaingia. Nilikukasirikia muda mrefu, nawe ukakaa na hasira yangu kila jioni bila kuirudisha, na sikuwahi kukuambia kwamba nilikuwa nakungoja. Pumzika kwa amani, Bi Lebo. Lebo nimezisoma mwenyewe, ziko sawa.